UPEPO NI WA MUNGU, GIZA NI LA NANI?

Yako maneno yaliyozoeleka midomoni mwa wenye madaraka kila maafa yanapoingia: "Ni kazi ya Mungu." Mto ukifurika, ni kazi ya Mungu. Daraja likichukuliwa na maji, ni kazi ya Mungu. Na umeme ukikatika siku tano au sita, wazee wakafa kwa joto ndani ya vyumba vyao, hilo nalo wanataka tuliweke mlangoni pa Mungu, kisha twende zetu nyumbani tukanyamaze.

Sisi tunasema hapana. Mungu huleta upepo. Lakini tawi lililoachwa miaka likalalia waya, nguzo isiyokaguliwa, jenereta isiyojaribiwa, hizo si kazi za Mungu. Hizo ni kazi za binadamu, na binadamu huyo ana jina, ana ofisi, na mwisho wa mwezi ana mshahara.

Leo twataka kulichambua jambo hili kwa mfano mmoja ambao habari zake zimekwisha kuandikwa, wakubwa wakahojiwa, na hukumu zikatolewa. Mfano wenyewe hautoki katika nchi maskini. Unatoka Marekani, katika Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, iliyopakana na mji mkuu wa Washington kwa upande wa kaskazini. Ni kaunti ya vitongoji: Silver Spring, Bethesda, Wheaton, Rockville, Gaithersburg. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu humo watu 971,777. Barabara zake zina vivuli vya miti mikubwa, na watu wake wengi ni watumishi wa Serikali, madaktari, wanasheria na wataalamu. Huhesabiwa miongoni mwa kaunti zenye mali katika taifa zima.

Wako wasomaji watakaotuuliza: Kaunti ya Marekani yatuhusu nini sisi? Tuna majibu mawili. La kwanza, ndugu zetu wako huko. Watanzania, Wakenya na wengine wasemao Kiswahili wanaishi katika vitongoji vya Washington. Wako wanaosoma, wako wanaoendesha magari, na wako wanaokesha usiku wakiwatunza wazee wa watu. Giza likiingia huko, wao pia wamo ndani yake. La pili, tumezoea kuambiwa kwamba shida hizi ni za nchi changa, na kwamba fedha zikipatikana zitajiondokea zenyewe. Montgomery inatuonyesha kwamba fedha peke yake haiwashi taa.

YALIYOTOKEA

Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Juni 2012, joto la Washington lilipanda hadi digrii 104 kwa kipimo cha Farenhaiti, yaani digrii 40 za Selsiasi. Tangu vipimo vianze kuandikwa katika mji ule, mwezi wa Juni haukuwahi kuona joto la namna hiyo.

Kila mtu aliyesimama shambani mvua kubwa ikikaribia ameuhisi ule upepo baridi unaotangulia matone. Upepo huo hutoka ndani ya wingu lenyewe. Matone yakianguka katika hewa kavu huyeyuka na kuwa mvuke, na kazi hiyo huipoza hewa. Hewa ikipoa huwa nzito, na ikiwa nzito hushuka kwa kishindo, ikifika chini hutawanyika kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Katika kutawanyika kwake huisukuma juu hewa ya joto iliyo mbele, nayo huzaa mawingu mapya, na mawingu mapya huleta upepo mpya. Ikiwa mbele kuna joto jingi na unyevu mwingi, mchezo huo haukomi. Mawingu hujipanga mstari mmoja mrefu uliopinda kama upinde, na mstari huo husafiri mamia ya maili pasipo kuchoka.

Wataalamu huiita dhoruba ya namna hiyo derecho. Neno hilo ni la Kispaniola, na maana yake ni moja kwa moja, kwa kuwa upepo wake hauzunguki kama wa kimbunga bali husukuma mbele kama mkono wa mtu. Aliyelitoa jina hilo mwaka 1888 ni Profesa Gustavus Hinrichs wa Iowa.

Derecho ya siku ile ilitokea pande za Chicago. Ilipopita Fort Wayne katika jimbo la Indiana, upepo wake ulipimwa ukafika maili 91 kwa saa. Ikavuka Ohio, ikaiparamia West Virginia, ikapanda milima ya Appalachia, na wengi waliodhani milima itaivunja nguvu walikosea. Yapata saa 4 na nusu usiku ikaingia katika vitongoji vya Washington. Katika uwanja wa ndege wa Dulles upepo ulipimwa maili 71 kwa saa. Kabla ya mapambazuko ilikuwa imekwisha kwenda zake baharini.

Katika kila mahali haikukaa sana. Lakini kwa muda huo mfupi miti ya miaka mingi iling'oka na mizizi yake, ikaangukia nyaya, magari na mapaa ya nyumba. Huko Silver Spring mama mmoja mzee aliuawa usiku huo na mti ulioiangukia nyumba yake. Taa za barabarani zikazimika. Katika majimbo yote yaliyopitiwa, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme. Katika jimbo la Maryland peke yake zilikuwa zaidi ya milioni 1. Kampuni ya Pepco, ipelekayo umeme Washington na sehemu kubwa ya Montgomery, ilipoteza zaidi ya nusu ya wateja wake kwa usiku mmoja.

SIKU ZILIZOFUATA

Ndugu msomaji, laiti mambo yangeishia hapo tungesema kweli ni kazi ya Mungu, tuwazike waliokufa, tuondoe magogo, tuendelee. Lakini msiba mkubwa ulikuja baada ya upepo kwenda zake.

Joto halikupungua. Tangu tarehe 28 Juni hadi tarehe 8 Julai, siku 11 mfululizo, Washington ilifikia digrii 95 za Farenhaiti au kuzidi, na tarehe 7 Julai ikafika 105. Watu wa vitongoji vile hujengewa nyumba za kufungwa, zenye madirisha ya kuzuia baridi ya Januari, na wakati wa joto wanategemea mashine za kupoza hewa. Mashine bila umeme ni sanduku tu. Nyumba iliyofungwa chini ya jua la Julai ikawa kama tanuri. Chakula kikaoza katika mafriji. Dawa zinazotakiwa kuwekwa penye baridi zikaharibika. Wagonjwa wanaopumua kwa mashine wakatafuta pa kukimbilia. Wazee wanaoishi ghorofani wakabaki huko juu kwa kuwa lifti zimekufa. Hata mitambo ya kusafisha maji ilipata taabu kwa kukosa umeme, wakazi wakaambiwa wapunguze matumizi ya maji, na haya katika joto la digrii 40.

Sasa tazama hesabu hii. Taarifa ya Serikali ya Marekani kuhusu dhoruba hiyo inasema kwamba watu 13 waliuawa na upepo wenyewe, wengi wao kwa kuangukiwa na miti. Lakini watu wengine 34 walikufa kwa joto, katika sehemu zilizokosa umeme, siku zilizofuata.

Soma tena, ndugu. Upepo uliua 13, giza likaua 34. Kwa kila mtu mmoja aliyekufa kwa kazi ya Mungu, walikufa zaidi ya wawili kwa kukosa kitu ambacho walikuwa wakikilipia kila mwezi.

Na tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wao, ilifika wakati maelfu wangali gizani. Wako waliokaa karibu wiki nzima. Hatulisemi hili kwa kuwacheka. Tunalisema kwa sababu bendera ni kitu kitukufu, lakini mzee aliyelala katika chumba cha joto hawezi kupepewa na bendera.

SIMU ISIYOITIKA

Iko habari nyingine, na hiyo ni ya ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Virginia, katika Kaunti ya Fairfax na jirani zake. Nayo ni kaunti ya vitongoji, na mwaka ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.

Kila Mmarekani tangu utotoni hufundishwa namba moja: 911. Nyumba ikiungua, 911. Moyo ukimshika baba, 911. Asubuhi ya tarehe 30 Juni, upepo ukiwa umekwisha kupita saa nyingi, namba hiyo ilikufa katika Fairfax, katika Prince William, na katika miji ya Manassas na Manassas Park. Mtu alipiga, na pale alipotazamia sauti ya kuuliza una shida gani, hakupata kitu.

Sababu yake ni nini? Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilifanya uchunguzi na kutoa taarifa Januari 2013. Katika nyumba mbili za mitambo ya kampuni ya Verizon, moja Arlington na moja Fairfax, kulikuwa na jenereta za akiba. Umeme ulipokatika, katika kila nyumba jenereta moja kati ya mbili haikuwaka. Mitambo ikaendelea kwa betri, betri zikaisha, simu zikanyamaza. Tume ilihesabu vituo 77 vya kupokea simu za hatari, katika majimbo 6, vilivyoguswa na dhoruba hiyo kwa kiasi kikubwa au kidogo, vikiwa vinahudumia watu zaidi ya milioni 3 na nusu. Vituo 17 kati ya hivyo vilikufa kabisa.

Na hukumu yake? Tume ilisema wazi kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo ingeweza kuepukwa, kama makampuni yangalifuata taratibu njema zinazojulikana katika kazi yao wenyewe. Hazikutakiwa akili mpya. Ilitakiwa kuijaribu jenereta kabla ya siku ya haja, kama vile mwalimu anavyoitazama taa ya kandili kabla jua halijazama.

Kwa hiyo wale wanaosema hapana awezaye kushindana na dhoruba, watuambie: dhoruba ndiyo iliyokataa kuijaribu jenereta?

KAMPUNI ILIKWISHA KUONYWA

Turudi Montgomery. Pengine yuko msomaji anayesema: Jambo halikujulikana, basi tuwasamehe. La, lilijulikana.

Tarehe 25 Julai 2010, miaka miwili kabla ya derecho, dhoruba nyingine ya radi na upepo iliipiga kaunti hiyo hiyo, ikaangusha miti hiyo hiyo juu ya nyaya hizo hizo, na mamia ya maelfu ya wateja wa Pepco wakakosa umeme, wengine kwa siku kadhaa. Mwaka huo huo theluji ya Februari ilikuwa imekwisha kufanya hivyo hivyo, na Januari 2011 theluji ikarudia. Wananchi wakachoka. Waliandika barua, wakajaza mikutano, wakawabana madiwani na wajumbe wao.

Tume ya Huduma za Umma ya Maryland, ambayo kazi yake ni kuyasimamia makampuni ya namna hii, ikafungua kesi. Desemba 2011 ikatoa hukumu: kampuni ilikuwa imezembea kwa miaka katika kupunguza miti na kuutunza mtandao wake. Ikaitoza faini ya dola milioni 1. Bunge la Maryland nalo, katika mwaka 2011, lilikuwa limepitisha sheria ya kuitaka Tume iweke viwango vya uhakika wa umeme, vyenye adhabu kwa asiyevifikia.

Basi derecho ilipoingia miezi 6 baada ya faini ile, haikuikuta kampuni isiyojua kosa lake. Iliikuta kampuni iliyokwisha kuhukumiwa, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeshika panga kuanza kufyeka matawi. Mti ulioachwa miaka 10 haupunguzwi kwa miezi 6. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na hapa aliyechelewa ni mmoja, waliolia ni wengine.

KULIPIA GIZA

Sasa tunafika kwenye jambo lililowachoma watu wa Montgomery kuliko yote, nasi twataka kila msomaji alifahamu vizuri.

Kampuni ya umeme hupata fedha kwa kuuza umeme. Akitumia mteja umeme mdogo, kampuni hupata kidogo. Kwa hiyo zamani makampuni hayakupenda mteja aweke akiba. Ili kuliondoa tatizo hilo, Tume ya Maryland mwaka 2007 iliruhusu utaratibu mpya: mapato ya kampuni yakipungua chini ya kiasi kilichopangwa, upungufu huo huongezwa kidogo kidogo katika bili za wateja miezi inayofuata. Nia yake ilikuwa njema, kuhimiza akiba.

Lakini fikiri, ndugu. Umeme ukikatika wiki moja, mita haizunguki. Mita isipozunguka, mapato hupungua. Mapato yakipungua, utaratibu ule huanza kazi. Na mwisho wake ni kwamba mwananchi aliyekaa gizani anaweza kutozwa fedha kwa sababu ya umeme ambao hakupelekewa! Chakula chake kimeoza, mama yake amepelekwa hospitali, na kampuni iliyoshindwa kumhudumia inafidiwa kutoka mfukoni mwake.

Watu walipolifahamu jambo hili walipiga kelele, na kelele zao hazikupotea bure. Januari 2012 Tume iliyakataza makampuni kudai fidia hiyo kwa umeme uliokosekana baada ya saa 24 za kwanza za maafa makubwa. Ikabaki nafasi ya zile saa 24. Baada ya derecho, Oktoba 2012, Tume ikaifunga nafasi hiyo pia. Hapa tunajifunza mambo mawili. Kanuni nzuri kwenye karatasi yaweza kuwa mwiba katika maisha ya watu, asipokuwapo mtu wa kuisoma mpaka mwisho. Na mwiba huo hautoki wenyewe. Hutolewa na watu waliokubali kukaa katika mikutano mirefu, wakasoma maandishi madogo, wakasimama na kusema.

TUWE WA HAKI

Hatupendi kuandika kama kwamba upande mmoja tu ndio wenye midomo. Makampuni yanazo hoja zao, na baadhi yake ni za kweli.

Husema kwamba kimbunga cha baharini hutangazwa siku nyingi kabla, na mafundi huitwa kutoka mbali wakakaa tayari. Lakini derecho ile ilitangazwa kwa saa chache tu. Ni kweli. Mafundi iliwabidi watoke majimbo mengine na hata Kanada, na safari hizo ni za siku.

Husema kwamba miti mingi iliyoanguka haikuwa imeoza, wala haikuwa karibu na waya. Ilikuwa miti mizima katika viwanja vya watu binafsi, nao wenye viwanja hawapendi kuguswa miti yao. Hilo nalo ni kweli, na wakazi wa Montgomery wana sehemu yao katika lawama hii. Mtu mmoja huyo huyo mwezi wa Mei hukataa mti wake usipunguzwe kwa kuwa utapoteza umbo, na mwezi wa Julai huuliza kwa hasira mafundi wako wapi.

Husema kwamba kuzika nyaya zote ardhini kungegharimu fedha zisizohesabika. Ni kweli pia. Jirani zao wa Washington walipoamua mwaka 2014, kwa sheria, kuzika zile nyaya zilizo dhaifu zaidi tu, walikadiria mpango wa dola bilioni 1, na mtandao wa mji huo ni mdogo ukilinganisha na wa jimbo zima.

Na juu ya mafundi wenyewe hatuna neno ila shukrani. Mtu anayepanda nguzo katika joto la digrii 40, amevaa glavu nene za mpira, zamu yake ndefu, na kila waya mbele yake waweza kuwa kifo chake, huyo si mzembe. Wananchi wengine waliwazomea mafundi barabarani. Walikosea. Aliyepunguza bajeti ya kupunguza miti hakuwa juu ya nguzo.

Tumezipima hoja hizo zote. Hata hivyo haziwezi kuufuta ukweli mmoja. Mteja wa Montgomery hawezi kwenda duka la pili. Nyaya zinazoingia nyumbani kwake ni za kampuni moja, hapana nyingine. Akikasirishwa na muuza nyama huhamia kwa muuza nyama wa pili. Akikasirishwa na kampuni ya umeme atahamia wapi? Kampuni iliyopewa watu wote bila mshindani imepewa amana, na mwenye amana haulizwi tu amepata faida kiasi gani. Huulizwa ameitunza namna gani. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, Exelon ya Chicago. Mwenye mali amebadilika, amana haikubadilika.

YALIYOFANYIKA, NA YALIYOBAKI

Baada ya derecho, Gavana Martin O'Malley wa Maryland aliunda kamati ya kutafuta njia ya kuimarisha mtandao, nayo ikatoa taarifa Septemba 2012. Februari 2013 Tume iliyaamuru makampuni yalete mipango ya kuharakisha matengenezo, na ikayaelekeza macho yao kwa wateja walio wanyonge. Julai 2013 iliruhusu Pepco iongeze ada ndogo katika bili kwa ajili ya kuimarisha njia zilizo dhaifu kupita nyingine. Angalia vizuri ni nani aliyelipa: ni mwananchi. Hatusemi asilipe, maana kitu kizuri hakina budi kugharimiwa. Tunasema anayelipa ana haki ya kuona nguzo iliyosimamishwa kwa fedha yake.

Na Kaunti yenyewe haikukaa kuomba. Ilijenga mitambo midogo yenye kujitegemea, yenye sahani za jua na jenereta za gesi, katika makao ya usalama wa umma huko Gaithersburg na katika gereza la Boyds, ili mtandao mkubwa ukianguka polisi na zimamoto wasianguke nao. Baadaye ikajenga wa namna hiyo katika kituo cha mabasi huko Silver Spring. Huo ndio mwenendo wa watu waliojifunza.

Lakini yapo yaliyobaki, nasi twayataja bila kificho.

Kwanza, kila nyumba ya wazee na kila jengo refu wakaapo wazee liwe na jenereta, na jenereta hiyo ijaribiwe kwa umeme kuzimwa kweli, si kwa kuandika katika daftari kwamba imejaribiwa.

Pili, majina ya wagonjwa wanaoishi kwa mashine yajulikane kabla ya dhoruba, wakitaka wenyewe, na umeme ukikatika zaidi ya saa chache awepo mtu mwenye kazi ya kuwagongea mlango. Kumpigia simu mtu asiye na umeme wa kuichaji simu yake ni mzaha.

Tatu, miti ipunguzwe kila mwaka kwa zamu inayotangazwa hadharani, ili kila mtaa ujue siku yake, na kampuni ikiruka mtaa iulizwe.

Nne, faini zinazotozwa kampuni zisirudi kwa mlango wa nyuma katika bili za wateja. Adhabu anayolipa aliyeonewa si adhabu.

WAJIBU WETU SOTE

Tumesema mengi juu ya wakubwa. Sasa tuseme juu yetu sisi wenyewe, kwa sababu chama cha watu hakiwezi kuwa na ulimi mmoja kwa wakubwa na mwingine kwa wananchi.

Katika wale 34 waliokufa kwa joto, ni wangapi walikuwa na jirani ng'ambo ya ua? Vitongoji vya namna ile vina tabia yake: nyumba imekaa peke yake katikati ya majani mazuri, gari linaingia, mlango wa gereji unafungwa, na mtu hakumwona mtu. Mtu aweza kukaa miaka 10 bila kulijua jina la bibi wa nyumba ya tatu. Siku umeme upo, upweke huo huitwa raha. Siku umeme haupo, upweke huo unaua.

Jirani aliyepeleka maji ya baridi, aliyemchukua mzee katika gari lake akamweka saa mbili mahali penye ubaridi, aliyegonga mlango akauliza hali, huyo hakungoja amri ya Tume yoyote. Ndugu zetu mlioko huko, mliolelewa mkijua kwamba mlango wa jirani hugongwa, msiiache tabia hiyo uwanja wa ndege. Wafundisheni wenyeji wenu. Ni zawadi ambayo forodha hawaitozi ushuru.

Wala msikae nyuma katika mambo ya nchi mnamoishi na kulipa kodi. Tume ya Huduma za Umma hufanya mikutano ambayo mwananchi huruhusiwa kusema. Madiwani wa Kaunti wana ofisi huko Rockville. Watu wa Montgomery hawakuipata hukumu ya 2011, wala kuizuia bili ya giza mwaka 2012, kwa kukaa barazani wakilalamika. Waliipata kwa kwenda, kusema, kurudi, na kwenda tena. Umoja si kuimba pamoja tu. Ni kuhudhuria pamoja mkutano unaochosha.

Nasi tuliobaki huku, tusisome habari hizi kwa kucheka kwamba matajiri nao hukaa gizani. Giza halina fahari popote. Tuzisome kama mtu asomaye cheti cha jirani aliyeugua ugonjwa unaotembea. Kila mahali palipo na nguzo, pana mtu mwenye kazi ya kuitunza. Kila mahali palipo na jenereta ya hospitali, pana mtu mwenye kazi ya kuijaribu. Tumjue mtu huyo ni nani. Tumuulize leo, mchana, jua likiwaka, wakati jibu lake bado linaweza kuokoa mtu.

Dhoruba zitakuja tena, Montgomery na kwingineko. Hatuwezi kuzizuia, na hapana atakayetudai kuzizuia. Tutakachodaiwa ni yale yaliyokuwa mikononi mwetu. Upepo na uvume. Lakini asife mzee hata mmoja kwa sababu mtu fulani, katika ofisi fulani, aliahirisha kazi ya jana mpaka kesho, kisha akasema ni kazi ya Mungu.